Mizigo Imeshatangulia

Regulata ya gesi ndiyo iliyomponza Beatha. Kidude cha kushika kiganjani, cha kuunganisha mpira wa jiko na mtungi, basi. Wageni kumi na mmoja walikuwa kijijini Kwai wanaonja jibini na kupiga picha na ng'ombe, na mpishi wao ndiyo kwanza anapekua begi lake anagundua kidude amekiacha stoo, Lushoto mjini. Akapekua mara ya pili. Akapekua mara ya tatu, maana binadamu hakubali.

"Idrisa," alimwita mwongozaji wa wageni pembeni. "Nimesahau regulata."

"Mama Jeni! Sasa watu watakula nini huko juu? Ukungu?"

"Napanda bodaboda. Naichukua, narudi."

"Saa kumi na nusu hii. Ukirudi hapa sisi tumeshaingia msituni."

"Basi nitapanda kwa njia ya mkato, nitawakuta kambini."

Idrisa alikuwa mtu wa maneno mengi. Wageni walimpenda kwa hilo. Angeweza kumwelezea kinyonga mmoja nusu saa nzima. Lakini hapo alitazama viatu vyake tu.

"Ile ni njia ya mizigo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ukienda, wahi. Na nilichokwambia siku ya kwanza, unakikumbuka?"

Beatha alikikumbuka. Ukikutana na mizigo njiani, kaa pembeni. Usisalimie, usiulize. Waache wapite. Siku ile alicheka. Usambara nzima nani hasalimii? Huku kwetu hata mwizi wa kuku anakupa salamu kwanza.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Watu wa mjini siku hizi wanapenda pori, ila wanataka pori lenye godoro. Mzee Benjamini alilijua hilo mapema kuliko wenzake wote Lushoto. Kampuni yake ilikuwa na mahema ya kijani ya tabaka mbili yasiyopitisha tone, magodoro ya kujaza upepo, mifuko ya kulalia yenye manyoya ya bata ndani, viti vya kukunja, taa za kichwani, na hema moja kubwa la kulia chakula, ukiingia unasahau kama uko porini. Lakini siri ya sifa zake haikuwa vifaa. Vifaa hata wengine walikuwa navyo. Siri ni kwamba mgeni alizunguka siku nzima na begi dogo mgongoni, akaona mbega, akaona maporomoko, akafika kambini jioni miguu inawaka moto, na akakuta kila kitu kimesimama. Hema limefungwa kamba barabara, moto umewaka, beseni la maji linafuka moshi mlangoni pake, na mfuko wa kulalia umetandikwa, zipu imefunguliwa kidogo kama mdomo unaosubiri kijiko.

Na wabebaji hawaonekani.

"Ni watu wa Mlola," Mzee Benjamini alikuwa akisema wageni wakiuliza. "Wana aibu. Wakimaliza wanashuka zao."

Beatha alifanya kazi hapo miezi minne, hajamwona hata mmoja. Hakujisumbua. Alikuwa na yake. Mume wake Kristian alikuwa mbebaji wa kampuni hiyohiyo, na miezi minane iliyopita alirudi kutoka safarini amenyamaza. Hakusema neno. Hakula. Alilala kitandani siku tatu anatazama dari, mwili wa baridi, na ya nne hakuamka. Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Wakamzika Gare, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mzee Benjamini alikuja msibani na suti nyeusi na gunia la mchele. Alisimama kaburini, akatikisa kichwa, akasema, "Mbebaji kama Kristian huwezi kumwacha apotee hivihivi." Watu walidhani ni uchungu.

Tangu hapo Beatha alikuwa na ombi moja tu, na aliliomba waziwazi, kanisani na jikoni. Amwone Kristian hata mara moja. Mtoto wao Jenoveva, miaka sita, kila jioni alikuwa anauliza baba anarudi lini, na yeye anamfunika shuka tu. Mwisho akampeleka kwa bibi yake akae huko, maana siku za safari zilikuwa nyingi.

Basi. Bodaboda ikamfikisha stoo saa kumi na moja na robo. Stoo iko nyuma ya nyumba ya Mzee Benjamini, na siku hiyo haikufungwa. Beatha akasukuma mlango, akasimama palepale.

Mizigo ilikuwa bado iko.

Yote. Kumi na tatu. Mahema, magodoro, viti, hema kubwa la kulia chakula, vyote vimefungwa kamba na kupangwa mstari ukutani. Hapa wageni wanajua viko kambini tangu mchana! Na mbele ya kila mzigo, sakafuni, pamewekwa sahani ya bati. Beatha akainama kuangalia. Pumba. Pumba za mahindi zimelowekwa maji, zinaanza kunukia uchachu.

Pembeni palikuwa na magunia mengine ya pumba, yamepangwa hadi darini. Mzee Benjamini hakuwa na ng'ombe. Hakuwa hata na mbuzi.

Mtu mwingine angetoka mbio. Beatha alikasirika. Aliwaza wabebaji wamelewa huko waliko, wageni watafika gizani wakae juu ya mawe, na lawama ataibeba mpishi, maana mpishi ndiye anayeonekana. Akachukua regulata rafuni, akaitia mfukoni, akamwambia bodaboda amkimbize hadi mwanzo wa msitu. Alitaka afike kabla ya wageni, awashe moto, angalau wapate chai.

"Dada, mimi mwisho hapa," kijana wa bodaboda alisema kwenye mikaratusi ya mwisho. Hakungoja hata kuagwa.

Njia ya mkato inapanda moja kwa moja. Ni ya zamani, ya wakata mbao wa enzi za Wajerumani. Miti imefungana juu, chini kuna matope meusi na mizizi. Ukungu ulikuwa umeshashuka. Beatha akavuta sweta, akavaa taa yake ya kichwani, akawasha. Mwanga ukafika hatua tano, ukaishia hapo.

Alipanda robo saa. Msitu ulikuwa kimya, hata hondohondo hawakulia.

Ndipo akasikia.

Kling... kling... kling...

Fito za hema. Zile za aluminiamu, zikigongana ndani ya mfuko wake. Sauti anaijua, ameisikia miezi minne.

Zilikuwa nyuma yake.

Akageuka. Alisikia mfuniko wa sufuria ukicheza, kamba zikilia kwa uzito. Hakusikia mtu akihema. Wanaume wanaobeba kilo ishirini na tano mlimani wanahema, wanakohoa, wanatania. Hawa walikuwa kimya. Na mizigo ile ameiacha stoo sakafuni, na yeye amekuja na pikipiki!

Harufu ikatangulia. Pumba chachu, na chini yake udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi.

Beatha akaruka pembeni, akaegemea mti. Akazima taa; mwanga kidogo wa jioni ulikuwa bado upo.

Wa kwanza akapita, mzigo kichwani, mikono imening'inia. Hakushika mzigo wala hakutazama njia. Wa pili. Wa tatu, huyu alikuwa mwanamke, mzee, miguu mitupu. Wa nne. Beatha alifunga mdomo kama alivyoambiwa. Alikuwa anahesabu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kuhesabu kulimzuia kupiga kelele. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na mbili alikuwa na viti, na miguu ya viti ilimkwangua Beatha begani akipita, hakujali.

Wa kumi na tatu alikuwa na hema kubwa.

Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Kidogo tu, kama mtu mwenye goti lililowahi kuteguka na halikupona sawasawa. Na kati ya kichwa chake na mzigo palikuwa na ngata ya kanga ya zambarau.

Kanga hiyo Beatha aliichana mwenyewe mara mbili. Nusu moja ilibaki kabatini. Nusu nyingine aliikunja, akamwekea Kristian chini ya kichwa, ndani ya jeneza, kabla hawajapiga misumari.

Sasa sikiliza, na usimcheke. Mtoto wa Kisambaa akilelewa akaleleka, kuna jambo moja halifikirii, linatoka lenyewe. Mtu wako akirudi na mzigo, unamtangulia njiani, unampa pole, unampokea. Mke aliyeona mumewe anapita na mzigo akakaa kimya, huyo hakufundwa. Beatha alimpokea Kristian miaka saba, kila jioni, mlangoni, jembe au kuni au gunia. Mdomo wake ulikuwa umezoea. Kabla akili haijafika, mdomo ukawa umeshasema.

"Pole na mzigo, baba Jeni. Nikupokee."

Mstari wote ukasimama.

Wote kumi na tatu, kwa mara moja. Fito zikanyamaza.

Kristian akageuka polepole. Alikuwa na suti aliyozikwa nayo, magoti yamechanika. Macho yalikuwa yake. Yalimtazama Beatha kama yanavyotazama ukuta.

"Baba Jeni," alinong'ona Beatha. "Ni mimi."

Akapiga magoti.

Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetaka kupokewa mzigo mzito. Anashuka, ili mwingine aufikie. Beatha aliona, na moyo wake ukajaa furaha. Nakwambia kweli, furaha. Alidhani wamesikilizana. Alidhani akimtua tu atamshika mkono, wageuke, washuke, kesho Jeni aamke amkute baba yake. Hakufikiri kitu kingine. Akanyoosha mikono, akachukua ngata kwanza, akaiweka kichwani. Ilikuwa ya baridi, imelowa. Kisha akashika hema.

Halikuwa zito. Hilo ndilo lililomtisha kwanza. Lilikaa kichwani kama limeota hapo.

Halafu mstari ukaanza kutembea, na miguu yake ikatembea nao.

Akataka kusema ngoja. Ulimi ulikuwa umelala mdomoni, hautaki. Akataka kuinua mikono autue mzigo. Mikono ilining'inia. Shingo tu ndiyo iliyobaki yake. Akaigeuza kwa shida na mzigo juu, akamwona Kristian amebaki katikati ya njia, amepiga magoti, mikono bado iko juu. Ukungu ukamfunika.

Wakapanda. Beatha hakuchoka wala hakuhema. Baridi ilianzia kwenye ngata, ikashuka kichwani, ikaingia shingoni, na kila hatua alikuwa anasahau kitu. Akasahau jina la padri wao. Akasahau njia ya kwenda kwa mama yake. Alijisikia anamsahau Jeni, uso wake unakwenda, akaung'ang'ania kwa nguvu zake zote. Jeni. Jeni, pengo la mbele, kovu kidevuni. Jeni.

Mbele pakatokea mwanga.

Ilikuwa taa moja ya kichwani, ukingoni mwa uwanja wa kambi. Mgeni mmoja alikuwa amewaacha wenzake nyuma, amefika peke yake, amekaa juu ya gogo anakunywa maji. Beatha alimjua. Mwanaisha, nesi wa Tanga, msichana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, siku hiyo kavaa suruali ya kijeshi. Asubuhi alikuwa amekaa naye jikoni, akamsaidia kumenya viazi, akaomba afundishwe salamu ya asubuhi ya Kisambaa. "Onga makeo," alikuwa anarudia kwa kila anayepita, mpaka Idrisa akamwambia sasa ni saa saba mchana, dada, abadilishe.

Mwanaisha aliona watu wanatoka msituni, akasimama kwa heshima.

"Poleni jamani," alisema kwa kila mmoja. "Poleni na kazi. Poleni."

Hakuna aliyejibu. Yeye aliona ni uchovu. Akawapisha mmoja mmoja, hadi wa mwisho, na taa yake ikampiga Beatha usoni.

"Ah! Dada Beatha? Hema lote hilo peke yako? Jamani, wanaume wote hawa!" Akaweka chupa chini, akaja mikono mbele. "Pole na mzigo, dada. Hebu nikupokee."

Miguu ya Beatha ikasimama.

Ulimi haukuwa wake, nilishakwambia. Mikono haikuwa yake. Lakini shingo ilikuwa bado yake. Kutikisa kichwa tu, mara moja, kushoto na kulia, kungetosha. Mwanaisha angeelewa, angesema haya basi, angepisha. Beatha alijua hivyo. Alijua kama anavyojua jina lake, na jina lake lilikuwa linaondoka.

Akamfikiria Jeni.

Akapiga magoti.

"Uuu, mbona chepesi hivi?" alisema Mwanaisha, na hilo ndilo neno la mwisho alilolisema.

Akageuka, akafuata wenzake. Taa ya kichwani mwake ikaenda mbele, ikapita kati ya miti, ikazimika. Beatha alibaki chini kwenye majani, mikono imerudi, ulimi umerudi. Aliita, "Mwanaisha!" Sauti ilitoka sasa. Sasa ndiyo ilitoka.

Alipofika katikati ya uwanja mahema yote yalikuwa yamesimama. Moto unawaka. Maji yanafuka moshi kwenye mabeseni. Hapakuwa na mtu.

Wageni walifika baada ya dakika kumi, wanacheka, wanapiga picha. Idrisa alimwona Beatha, akaona sweta lake lilivyojaa matope magotini. Akageuka kuwaonyesha wageni mahema yao.

Beatha akapika. Ndiyo, alipika! Alifunga regulata, akawasha jiko, akakata vitunguu. Mtu aliyepatwa na jambo kubwa, mikono inafanya inachokijua. Alipoingia na wali hema la kulia chakula, akawahesabu wageni ili agawe sahani. Walikuwa kumi na mmoja.

Mwanaisha alikuwa amekaa mwisho wa meza.

Amekaa wima, mikono juu ya mapaja. Rafiki yake alikuwa anamsemesha, yeye anatazama turubai la hema. "Amechoka," rafiki yake alisema. "Amenyamaza hivihivi tangu tufike." Beatha akamwekea sahani mbele. Vidole vyao vikagusana. Baridi ile aliijua. Aliilalia ubavuni siku tatu, kitandani kwake, Gare, akiipangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na kuiita mume wangu.

Kwa hiyo yule waliyemzika hakuwa Kristian; suti na kanga tu ndivyo vilivyotolewa kaburini vikamfuata mwenyewe.

Akatoka nje na ndoo, kama anakwenda kumwaga maji. Zaidi ya mwanga wa moto, penye miti ya kwanza, walikuwa wamesimama. Mstari mmoja, kumi na tatu, wanasubiri asubuhi wabebe tena. Wa mwisho alikuwa na suruali ya kijeshi na taa ya kichwani iliyozimika.

Alikuwa umbali wa hatua ishirini. Beatha aliweza kwenda. Aliweza kumtwisha kitu, hata ile ndoo, akamwambia pole, akampokea, akachukua nafasi yake mwenyewe. Alijua kabisa namna ya kufanya. Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Aliwaza: nikienda, Kristian yuko peke yake njiani, kapiga magoti, nani atamfikisha nyumbani? Akajipa hiyo kuwa ndiyo sababu. Akageuka, akarudi kuosha vyombo.

Alfajiri yule rafiki yake Mwanaisha akapiga kelele.

Wakamkuta ndani ya mfuko wa kulalia, zipu imefungwa hadi kidevuni, macho wazi. Mzee Benjamini alipanda na gari hadi mwisho wa barabara, akaja kwa miguu, kofia mkononi. Alisaidia kumbeba. Aliwafariji wageni mmoja mmoja kwa maneno mazuri. Alipomfikia Beatha, akasogea karibu, sauti ya chini, ya upole kabisa.

"Nilikuwa na kumi na tatu, nina kumi na tatu. Mimi sina neno na wewe, mama Jeni. Nenda kachukue wako."

Na akamwendea.

Alimkuta palepale, katikati ya njia, kapiga magoti, mikono juu, umande umemlowesha suti nzima. Akamshika mkono. Alifuata kama mtoto. Beatha alisubiri giza chini ya mikaratusi, akampitisha nyuma ya mashamba ya karoti hadi nyumbani, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga dirisha.

Ombi lake lilikuwa limejibiwa. Sasa alikaa nalo. Kristian hasemi. Mdomoni ulimi haupo, Beatha aliangalia mara moja, hajaangalia tena. Ugali hali, maziwa hanywi; anakula pumba, kwa mkono, na akishiba anasimama. Usiku anachukua chochote, stuli, ndoo, mto, anakiweka kichwani, anasimama mlangoni mpaka kuche. Jeni bado yuko kwa bibi yake. Beatha hawezi kumleta amwone hivyo, wala hawezi kueleza kwa nini hamleti. Akipita huko, mtoto anauliza kama zamani, baba anarudi lini, na yeye anamfunika shuka.

Kazi aliacha. Lakini majirani walishaanza kushangaa, mjane asiye na ng'ombe ananunua pumba za nini.

Baada ya arobaini, Idrisa akamletea mgeni. Mama wa makamo, baibui jeusi, macho yamevimba. Alikuwa Bi Zakia, mama yake Mwanaisha, ametoka Tanga asubuhi.

"Shikamoo mama," alisema Beatha.

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike na chai. Nimekuja kukuona tu."

Wakakaa barazani. Bi Zakia aliona msalaba kati ya migomba, akauliza ni nani. Beatha akamjibu ni mume wake. "Oh, pole mwanangu," Bi Zakia akasema, akamshika mkono. "Basi wewe unanielewa." Ndani, nyuma ya pazia, stuli iliburuzwa sakafuni. Idrisa akainua macho, akamtazama Beatha, kisha akatazama chini.

"Wameniambia wewe ndiye wa mwisho kuzungumza naye," alisema Bi Zakia. "Wenzake wanasema jioni ile alikuwa hasemi. Mimi ni mama yake, nataka nijue. Alikwambia nini?"

Beatha alikuwa amejiandalia uongo wa kila aina. Wote ukamkimbia.

"Nilikuwa nimebeba mzigo," alisema. "Akaniambia, pole na mzigo, dada. Akanipokea."

Bi Zakia aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Alilia kwa muda mrefu. Alipoinua uso, alikuwa anatabasamu, tabasamu lenyewe la mtu aliyerudishiwa kitu.

"Ndivyo nilivyomlea," alisema. "Tangu mdogo. Hakuweza kumwona mtu na mzigo akampita." Akamfuta Beatha machozi kwa mkono wake mwenyewe, maana sasa wote wawili walikuwa wanalia. "Ahsante, mwanangu, kwa kumkubalia. Wengine wangekataa kwa haya. Umempa mwanangu nafasi ya kufanya wema wa mwisho."

Beatha akajibu kama alivyofundishwa kuwajibu wakubwa.

"Ahsante na wewe, mama."